Aibu ya Kaswende ni ya Nani?

Chanzo cha ugonjwa wa kaswende kinajulikana tangu mwaka 1905, wakati wataalamu wawili wa Kijerumani, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, walipokiona kijidudu chake kwa darubini mjini Berlin. Kipimo cha damu cha kuutambua kilipatikana mwaka uliofuata. Dawa yake ya uhakika, penisilini, ilitumiwa kwa wagonjwa wa kwanza mwaka 1943, na tangu wakati huo hadi leo kijidudu hicho hakijaizoea. Vijidudu vya malaria vimezizoea dawa zetu mara kadhaa. Kifua kikuu kimezaa usugu. Kisonono kilikwisha kuishinda penisilini zamani, na sasa kinapambana na dawa nyingine. Kaswende ingali inatii sindano ile ile waliyochomwa babu zetu.

Pamoja na hayo yote, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2022 watu milioni 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa kaswende, na kwamba ugonjwa huo uliua watu 230,000. Limekadiria pia kwamba katika mwaka huo huo ugonjwa uliwafikia watoto 700,000 wakiwa tumboni mwa mama zao. Baadhi ya watoto hao hawakupata hata nafasi ya kulia.

Hoja yetu leo ni fupi. Ugonjwa wenye kipimo rahisi na dawa rahisi unapoendelea kuua watoto, wa kuulizwa si mgonjwa. Wa kuulizwa ni yule aliyekabidhiwa kazi ya kuhakikisha kwamba kipimo na dawa vinamfikia mgonjwa kwa wakati wake. Kwa muda mrefu mno aibu ya kaswende imebebeshwa mtu asiyestahili kuibeba. Umefika wakati wa kuihamisha.

UGONJWA UNAOJIFICHA

Kabla ya kutafuta wa kulaumiwa, hapana budi tukumbushane jinsi ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi, maana ujinga juu ya jambo hili umeenea hata miongoni mwa wasomi.

Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma. Kwa mwanamke, kidonda hicho huweza kutokea ndani, asikione kabisa. Baada ya wiki chache kidonda hupona chenyewe bila dawa, na mgonjwa hudhani mambo yamekwisha. Baadaye hutokea upele, mara nyingi hata kwenye viganja vya mikono na nyayo za miguu, nao pia hutoweka. Kisha ugonjwa hulala. Huweza kulala miaka kumi, ishirini au zaidi, na kwa baadhi ya watu huamka baada ya kuharibu moyo, mishipa mikubwa ya damu, ubongo au macho.

Mwanamke ambaye kaswende imelala mwilini mwake huweza kujiona mzima kabisa. Ataolewa, atashika mimba, atalima na kuchota maji, na huku kijidudu kinamfikia mtoto tumboni. Akina mama wenye ugonjwa huo ulio hai wasipotibiwa, zaidi ya nusu ya mimba zao huishia pabaya: mimba huharibika, mtoto huzaliwa mfu, huzaliwa kabla ya wakati, hufa katika siku zake za mwanzo, au huishi na kilema cha mifupa, uziwi au upofu.

Hapo ndipo inapoanguka hoja ya wale wanaosema kwamba mgonjwa wa kaswende angejua kujitunza asingeugua, na akiugua angekwenda kutibiwa. Atakwendaje kutibiwa mtu ambaye mwili wake haumwambii kitu? Katika ugonjwa huu mgonjwa hana macho. Macho yake ni kipimo. Asiyepimwa hawezi kulaumiwa kwa kutojua, na aliyewajibika kumpima hawezi kujitetea kwamba mgonjwa hakulalamika.

LAWAMA KWA JIRANI

Historia ya kaswende duniani ni historia ya kutupiana lawama. Mwaka 1495 ugonjwa huu ulipolipuka katika jeshi la Mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa lililokuwa limeuteka mji wa Naples, Waitalia waliuita ugonjwa wa Kifaransa. Wafaransa nao wakauita ugonjwa wa Naples. Warusi waliuita ugonjwa wa Kipolandi, na Wapolandi wakauita ugonjwa wa Kijerumani. Huko India uliitwa ugonjwa wa Wafirangi, yaani Wazungu. Nyani haoni kundule: kila taifa liliona uchafu mlangoni kwa jirani, na hakuna taifa lililopona hata mtu mmoja kwa njia hiyo.

Baadaye lawama zilihama kutoka kwa taifa jirani zikaenda kwa mtu mnyonge. Katika mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria, iliyoongezewa makali mwaka 1866 na 1869, iliyowapa polisi wa miji ya bandari na ya kambi za jeshi mamlaka ya kumkamata mwanamke yeyote waliyemshuku kuwa malaya. Mwanamke huyo alipimwa kwa nguvu, na akionekana mgonjwa alifungiwa hospitalini. Askari na mabaharia waliokuwa wateja hawakuguswa na sheria hiyo. Bibi Josephine Butler na wenzake walipigana nayo kwa miaka mingi hadi ikafutwa mwaka 1886. Haihitaji elimu ya udaktari kuelewa kwamba ugonjwa unaoambukizwa na watu wawili hauwezi kuzuiwa kwa kumfunga mmoja.

Ubeberu ulipofika kwetu ulikuja na akili hiyo hiyo. Katika mwaka 1908 daktari wa jeshi la Kiingereza, Kanali Lambkin, aliuambia ulimwengu kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda walikuwa na kaswende, na miongoni mwa sababu alizotoa ni uhuru ambao wanawake wa Buganda walikuwa wameupata. Hospitali ya Mulago, ambayo leo ni hospitali kubwa ya taifa nchini Uganda, ilianzishwa mwaka 1913 ikiwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Wataalamu waliopitia upya kumbukumbu za miaka ile walisema kwamba vidonda vingi vilivyohesabiwa kuwa vya zinaa havikuwa vya zinaa hata kidogo, bali vilikuwa vya magonjwa ya jamii ya buba, ambayo watoto huambukizana kwa kugusana ngozi katika nyumba zenye dhiki. Taifa zima lilitiwa doa la uasherati kwa ugonjwa uliotokana na umaskini.

Na ulimwengu haukujifunza. Kuanzia mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Serikali ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume Weusi wa Macon County, katika jimbo la Alabama, karibu na mji wa Tuskegee. Wanaume 399 kati yao walikuwa na kaswende. Walikuwa wakulima maskini, wakaambiwa kwamba wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Hawakutibiwa. Penisilini ilipopatikana kwa wingi katika miaka ya 1940 walinyimwa kwa makusudi, ili madaktari waone ugonjwa utawafanya nini hadi kufa kwao. Jambo hilo liliendelea miaka 40, hadi magazeti yalipolifichua mwaka 1972. Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya nchi yake mwaka 1997. Mwaka 2010 Marekani ililazimika kuomba radhi tena, safari hii kwa wananchi wa Guatemala, ambao baadhi yao waliambukizwa magonjwa ya zinaa kwa makusudi na madaktari wa Kimarekani kati ya mwaka 1946 na 1948.

Mambo haya ya Uingereza, Uganda, Alabama na Guatemala yana mzizi mmoja. Serikali inayoanza kwa kumtafuta mkosaji huishia kumwonea mnyonge, na ugonjwa hubaki pale pale.

NCHI ZILIZOFAULU NA ZILIZOPOROMOKA

Sasa tuzitazame nchi zilizochagua njia nyingine. Mwaka 1916 Uingereza, baada ya kujifunza kutokana na sheria yake ya zamani, iliamua kwamba tiba ya magonjwa ya zinaa itolewe bure na kwa siri kwa mtu yeyote. Sweden ilipitisha sheria mwaka 1918 iliyoweka tiba ya bure kwa tajiri na maskini. Sheria hiyo ya Sweden ilikuwa na ukali wake, kwani ilimlazimisha mgonjwa kutibiwa, lakini iliwahusu wanaume na wanawake sawasawa.

China ilipata ukombozi wake mwaka 1949 ikiwa na mzigo mkubwa wa kaswende. Serikali mpya ilifunga madanguro, ikawatibu wanawake waliokuwa wakitumikishwa humo na kuwapa kazi, kisha ikapeleka vikosi vya wauguzi hadi mikoa ya mbali kwenda kupima na kutibu bure. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwa Dakta George Hatem, mzaliwa wa Marekani aliyejiunga na wanamapinduzi wa China na kujulikana huko kwa jina la Ma Haide. Mwaka 1964 China ilitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa kwa vitendo. Lakini katika miaka ya 1980, biashara ya ukahaba iliporudi na huduma za afya vijijini zilipoanza kulipiwa, kaswende ilirudi nayo, ikapanda mwaka hadi mwaka, hadi serikali ilipotoa mpango wa taifa mwaka 2010 na kuwarudishia wajawazito vipimo vya bure.

Urusi inatufundisha jambo hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 1990 wagonjwa wapya wa kaswende nchini humo hawakufika 6 katika kila watu 100,000. Dola ya Kisovieti ikasambaratika mwaka 1991, kazi zikapotea, vituo vya afya vikakosa fedha, na watu waliokuwa wakiogopa kuandikishwa na kufungiwa hospitalini wakaanza kujitibu vichochoroni. Kufikia mwaka 1997 wagonjwa walikuwa 277 katika kila watu 100,000. Katika miaka saba ugonjwa ulizidi zaidi ya mara arobaini.

Labda msomaji atasema kwamba China na Urusi ziliyumba kwa sababu zilikuwa katika msukosuko. Basi tuitazame nchi tajiri kuliko zote. Mwaka 1999 Marekani ilitangaza mpango wa kuitokomeza kaswende, na mwaka 2000 kiwango cha maambukizo mapya kilikuwa cha chini kuliko wakati wowote tangu kuanza kutunzwa kwa kumbukumbu mwaka 1941. Wakubwa wakadhani vita imekwisha. Fedha zikapungua, kliniki zikafungwa, watumishi waliokuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani wakapunguzwa. Mwaka 2022 nchi hiyo iliandikisha zaidi ya watoto 3,700 waliopata kaswende tumboni, zaidi ya mara kumi ya idadi ya mwaka 2012. Kati yao 282 walizaliwa wafu au walikufa wakiwa wachanga. Serikali ya Marekani yenyewe imekiri kwamba karibu tisa katika kila kumi ya kesi hizo zingeweza kuzuiwa kama mama angepimwa na kutibiwa kwa wakati. Na walioumia zaidi walikuwa wale wale wa siku zote: wenyeji wa asili wa nchi hiyo na watu Weusi.

Kilomita 150 hivi kutoka pwani ya Florida kipo kisiwa cha Cuba, kilichowekewa vikwazo vya biashara na jirani yake huyo tajiri kwa miongo mingi. Tarehe 30 Juni, 2015, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Cuba ni nchi ya kwanza duniani kukomesha maambukizo ya kaswende na ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa kiwango ambacho si tishio tena kwa taifa. Thailand na Belarus zilifuata mwaka 2016, Malaysia mwaka 2018, Sri Lanka mwaka 2019, na Oman mwaka 2022.

Hebu tuitafakari orodha hiyo. Imo nchi ya kikomunisti na imo ya kisultani. Wamo Waislamu, Wabudha na Wakristo. Imo nchi yenye mafuta na imo nchi ambayo daktari wake hulipwa mshahara mdogo sana. Hatuwezi kusema kwamba zilifaulu kwa sababu ya dini yao, wala utajiri wao, wala aina ya serikali yao. Jambo linaloziunganisha ni la kikazi: karibu kila mjamzito hufika kliniki mapema, kila afikaye hupimwa, kila anayeonekana na ugonjwa hutibiwa, na yuko mtu anayehesabu. Nchini Sri Lanka mtu huyo ni mkunga wa afya ya jamii, ambaye huzijua nyumba za eneo lake na huwafuata wajawazito huko huko nyumbani. Nchini Cuba ni daktari na muuguzi wa mtaa. Hawakugundua dawa mpya. Walichofanya ni kuhakikisha kwamba dawa ya zamani haimkosi mtu.

USHAHIDI ULITOKA MWANZA

Watanzania hatuna sababu ya kuyasikiliza haya kama hadithi za mbali, kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi ambao dunia inautegemea ulitoka hapa kwetu, katika Mkoa wa Mwanza.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika mkoani humo utafiti mkubwa katika jamii 12. Katika nusu ya jamii hizo, zahanati na vituo vya afya vya kawaida viliimarishwa: watumishi walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa, dawa zilipelekwa kwa mpangilio bila kukatika, wasimamizi walitembelea mara kwa mara, na wananchi walielimishwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika jamii hizo yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Hakukuwa na hospitali mpya wala mashine za ajabu. Zahanati zilifanya kazi yake tu.

Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mwingine wa Mwanza, uliohusu wajawazito. Katika kundi la akina mama ambao hawakuwa wamepimwa, kaswende ilionekana kuwa chanzo cha karibu nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu. Lakini akina mama waliopimwa, wakaonekana na ugonjwa, na kuchomwa sindano moja ya benzathini penisilini, walijifungua salama sawa na wale ambao hawakuwa na ugonjwa kabisa. Sindano moja, ya yuniti milioni 2.4, mara moja.

Akina mama wa Mwanza walitoa damu yao, na dunia ikajifunza. Deni letu kwao ni kuhakikisha kwamba hakuna mama mwingine katika nchi hii anayepoteza mtoto kwa sababu ambayo wao walikwisha kutuonyesha namna ya kuizuia.

HOJA ZA WAPINZANI

Wako watu watakaosema kwamba kuzungumza hivi ni kuhalalisha uzinzi. Tunawajibu kwamba mtoto aliye tumboni hajazini na mtu. Pia wengi wa akina mama wanaokutwa na kaswende kliniki ni wake za watu, na baadhi yao hawakujua mwanamume mwingine isipokuwa mume wao. Mwanamke hugundulika wa kwanza kwa sababu yeye ndiye anayekwenda kliniki. Mumewe hajawahi kupimwa. Katika nyumba nyingi aliyepimwa kwanza huitwa ndiye aliyeleta, na adhabu ya ukweli humwangukia aliyejitokeza kuutafuta. Mwenye kutaka kuhubiri maadili na ahubiri, tena itakuwa vizuri. Lakini mahubiri yasisimame mlangoni mwa zahanati kuzuia watu wasiingie.

Wengine watasema nchi ni maskini. Umaskini ni kweli, lakini katika jambo hili si jibu. Kipo siku hizi kipimo kimoja ambacho kwa tone la damu ya kidole huonyesha virusi vya UKIMWI na kaswende kwa pamoja, majibu yakapatikana katika muda wa dakika 20. Mwaka 2021 bei yake kwa nchi zenye kipato kidogo ilishushwa hadi chini ya dola moja ya Marekani. Mama ambaye amekwisha kuchomwa kidole kwa ajili ya kipimo cha UKIMWI akiondoka bila kupimwa kaswende, si umaskini uliomnyima. Barani Afrika limekuwa jambo la kawaida kuona kipimo cha UKIMWI kipo na cha kaswende hakipo, kwa sababu UKIMWI ulipata wafadhili na kaswende haikupata. Je, tusubiri mpaka mgeni aupende ugonjwa wetu ndipo nasi tuutibu?

Ni kweli kwamba dawa yenyewe imewahi kuadimika duniani. Kati ya mwaka 2014 na 2016 nchi 39 ziliripoti upungufu wa benzathini penisilini, na mwaka 2023 hata Marekani ilipungukiwa. Sababu yake ni ya kibepari kabisa: dawa hii ya zamani haina faida kubwa, kwa hiyo viwanda vinavyoitengeneza ni vichache. Lakini hiyo ni sababu ya kuagiza mapema, kuweka akiba na kushirikiana na nchi jirani katika manunuzi. Haiwezi kuwa kisingizio cha zahanati kuishiwa dawa kwa sababu tu fomu ya maombi ilichelewa mezani kwa mtu.

Lipo jambo la tatu, nalo linauma zaidi kwa sababu lilianza kwa nia njema. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu iliingia desturi ya kumtaka mjamzito aje kliniki na mumewe, na asiye na mume wa kuja naye kutakiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Nia ilikuwa kuwavuta wanaume, na wanaume ni lazima wavutwe, maana mama akitibiwa na mume asitibiwe ugonjwa utarudi. Lakini mwaliko ulipogeuka sharti, aliyeadhibiwa alikuwa mwanamke aliyeachwa, mjane, mke wa mvuvi aliyeko ziwani, na msichana aliyekataliwa mimba. Hao ndio wanaohitaji kipimo kuliko wengine, na hao ndio wanaorudi nyumbani kutoka mlangoni. Mwanamume na aitwe, apokewe kwa heshima, apimwe na atibiwe. Lakini huduma ya mama isingojee miguu ya baba.

WAJIBU WA WATUMISHI NA WALIMU

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya hahitaji kungoja waraka mpya. Na afungue vitabu vya kumbukumbu vya wilaya yake atafute hesabu nne za mwaka uliopita. Ya kwanza, wajawazito wangapi walifika kliniki kwa mara ya kwanza. Ya pili, wangapi kati yao walipimwa kaswende. Ya tatu, wangapi walionekana nayo. Ya nne, wangapi walichomwa sindano siku ile ile. Tofauti kati ya hesabu ya kwanza na ya pili ni uzembe wa vipimo. Tofauti kati ya ya tatu na ya nne ni watoto walioachwa hatarini huku mama zao wakiwa wamekaa kwenye benchi letu. Na ikiwa hesabu hizo hazipatikani, basi hilo lenyewe ni jibu, tena ni baya kuliko yote.

Afisa anayeandaa bajeti ya halmashauri na azitake hesabu hizo kabla ya kupitisha fungu la afya. Diwani na aziulize katika kikao. Mganga Mkuu wa Wilaya na azibandike ukutani. Mtunza bohari na aone fahari kwamba penisilini haijawahi kumwishia. Muuguzi naye na akumbuke kwamba neno moja la dharau kwa mgonjwa huwafukuza wenzake kumi ambao hawajafika bado, maana habari za kliniki hutembea kijijini haraka kuliko gari la wagonjwa.

Walimu wana kazi yao, na ni kubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini mwetu katika vikundi vya kujifunza, wakisikiliza redio, wakisoma vitabu vidogo na kuzungumza juu ya malaria, kichocho na kuhara, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kampeni ile ilithibitisha kwamba mwananchi akielezwa jambo kwa lugha yake na kwa heshima, hulielewa na hulitenda. Kaswende haina ugumu wowote unaoizidi kichocho isipokuwa haya yetu ya kuitaja. Mwalimu wa sayansi anayepita haraka juu ya somo la magonjwa ya zinaa kwa sababu wanafunzi wanacheka, anawaacha wafundishwe na vijiwe. Wafundishwe kwamba kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa. Wafundishwe kwamba kupona kwa kidonda si kupona kwa ugonjwa. Wavulana hasa wafundishwe kwamba kumwacha mke apimwe peke yake, kisha kumpiga kwa majibu, ni uoga.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tumezoea kumwambia mgonjwa. Lakini serikali nazo huficha maradhi: huyaficha kwa kutoyapima, kwa kutoyahesabu, na kwa kuyaita ya watu waovu ili yasiwe kazi ya mtu yeyote. Uingereza ilijaribu hivyo, na Marekani pia, na zote mbili ziliumbuliwa mbele ya ulimwengu. Cuba, Sri Lanka na Oman zilihesabu na kutibu, na leo watoto wao wanazaliwa salama.

Kipimo kipo, dawa ipo, na ushahidi ulitoka Mwanza. Kuanzia sasa, mtoto anapozaliwa mfu kwa kaswende katika wilaya yoyote, tusimuulize mama yake alikuwa na nani. Tumuulize afisa wa wilaya hiyo hesabu zake nne.